Ukolezi wa Nini? Uhakiki wa Istilahi za Mmumunyo na Osmosisi

Istilahi za sayansi katika Kiswahili zimehakikiwa mara nyingi kwa vigezo vya mwanaisimu: je, neno limeundwa kwa kufuata kanuni za lugha, je, ni fupi, je, lanyambulika, je, limetoka katika Kibantu au limekopwa? Vigezo hivi ni vya haki na hatuna nia ya kuviondoa. Lakini istilahi ya kemia haikuundwa ili ipendeze katika orodha. Imeundwa ili mtu afikirie nayo na akokotoe nayo, na wakati mwingine ili atende jambo ambalo akilikosea litamdhuru mwenziwe. Makala hii yakusudia kulichukua fungu dogo la istilahi, yaani mmumunyo, ukolezi, osmosisi na kanieneo, na kulipima kwa kazi moja tu: kukokotoa ukolezi wa mmumunyo na kanieneo ya osmosisi inayouhusu. Tutaonyesha kwamba neno lenye asili njema jikoni laweza kumpoteza msomaji mbele ya mgonjwa, iwapo mtunzi wa kitabu hakuliwekea mipaka.

Kwa upimaji huo tumeuchagua mji wa Sori, ulioko penye Ghuba ya Karungu, Ziwa Victoria, katika Kaunti ya Migori, na jirani zake wa Homa Bay. Huko Kijaluo ndicho lugha ya nyumbani, na Kiingereza ndicho lugha ya somo la kemia. Kiswahili ni lugha ya soko na ya pwani ya ziwa, hasa pale omena anapouziwa mtu wa upande wa pili wa mpaka, ambako samaki huyo huyo huitwa dagaa. Kiswahili ni pia somo la lazima lenye mtihani tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985. Kwa hiyo mwanafunzi wa Sori hakutani na istilahi zetu akiwa mtupu. Anao tayari msamiati wa Kiswahili wa chumvi na maji, alioupata sokoni na katika vipindi vya Kiswahili, na ndio atakaoutumia kuyafasiri maneno ya mwanakemia.

Ipo sababu nyingine, nayo ni nzito zaidi. Kati ya Juni 1997 na Machi 1998 wagonjwa zaidi ya 14,000 wa kipindupindu walilazwa katika hospitali za lililokuwa Jimbo la Nyanza. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba kunywa maji ya Ziwa Victoria kulikuwa mojawapo ya njia za kuambukizwa. Mgonjwa wa kipindupindu huuawa na upungufu wa maji na chumvi mwilini, na tiba ya kwanza ni mmumunyo: maji, chumvi na sukari kwa uwiano maalumu. Hapo hesabu ya ukolezi hutoka darasani ikaingia nyumbani kwa watu, na anayeifanya ni mama mwenye kijiko.

Tuanze na mmumunyo, ingawa halitatuchelewesha. Neno hili limetokana na kumumunya, kitendo cha kula kitu kwa kukizungusha kinywani bila kutafuna, kama afanyavyo kibogoyo au mtoto mwenye peremende. Wako wanaolicheka kwa ajili ya asili hiyo na kupendelea myeyusho, kwa hoja kwamba kila mtu husema sukari imeyeyuka katika chai. Ni kweli husema hivyo. Lakini barafu nayo huyeyuka, siagi huyeyuka, na risasi huyeyuka motoni, na katika hayo yote hakuna vitu viwili vilivyochanganyika. Kuna kimoja kilichobadili hali kwa joto. Risasi iliyoyeyuka haina ukolezi. Sukari iliyomumunyika katika maji inao. Neno linaloitenga hali ya pili na ya kwanza lina manufaa kwa anayekokotoa, nasi twaona lihifadhiwe, kicheko na kiendelee. Tusilolipenda ni mtindo wa kuunda jozi kama kiyeyushi na kiyeyushwa, ambazo tofauti yake yote imewekwa katika silabi ya mwisho. Maneno mawili yanayopingana kwa maana hayafai kufanana hivyo kwa sauti. Mwalimu akiyatamka mbele ya darasa la wanafunzi sitini, nusu yao watasikia neno moja. Ni afadhali kutumia kirai chenye kitenzi: kinachomumunyika, na maji yanayokimumunyisha.

Sasa tufike kwenye ukolezi. Istilahi hii yastahili sifa kabla ya lawama. Imetoka katika kitenzi kilicho hai, kukolea, ambacho kila mpishi hukitumia. Chumvi ikikolea katika mchuzi, mchuzi umekuwa sawa. Isipokolea, mchuzi ni chapwa. Kitenzi hicho kimetapakaa hadi nje ya jiko: rangi hukolea, usingizi hukolea, ngoma hukolea, na moto hukolezwa kwa kuni. Waundaji wa istilahi hawakulazimika kwenda mbali. Walilichukua neno la watu, wakaliongezea viambishi, likawa jina la kipimo.

Hapo ndipo penye tatizo. Kukolea si kitenzi cha kipimo, bali ni kitenzi cha kufikia. Kinachokolea kimefika pale kilipotakiwa kufika, na kwa hiyo kitenzi hubeba ndani yake hukumu ya kusifu. Mmumunyo wa mwanakemia haufiki popote. Una gramu 2 katika lita au gramu 200 katika lita, na hali zote mbili ni sawa mbele yake. Tunaposema ukolezi mdogo, sikio la jikoni husikia kitu kilichopungukiwa, chakula ambacho mpishi alisahau kukitia chumvi. Tunaposema ukolezi mkubwa, husikia kitu chenye nguvu kilichoandaliwa vema.

Huenda mtu akatujibu kwamba lugha imezoea jambo hili. Urefu umetokana na refu, lakini twasema urefu mdogo na hakuna anayeshangaa. Kadhalika uzito mdogo. Jibu hilo ni zuri, na kwa mintarafu ya jina lenyewe twalikubali. Baada ya miaka michache darasani, ukolezi utapoteza ladha yake ya jikoni kama urefu ulivyoipoteza ya kwake. Lakini hatuoni kwamba yatafanyika hayo kwa kitenzi, kwa sababu kitenzi kinaendelea kuishi jikoni kila siku. Ndiyo maana twapinga vikali matumizi ya kukoleza katika maelekezo ya dawa ya maji. Mwambie mama “koroga mpaka ikolee” naye atakutii kwa moyo wake wote: atapunguza maji, au ataongeza chumvi, kwa kuwa dawa iliyokolea ndiyo dawa.

Hebu tukokotoe ili ionekane hasara yake. Tangu mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na UNICEF hupendekeza pakiti ambayo lita moja ya maji yake huwa na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 13.5 za glukosi, gramu 1.5 za kloridi ya potasi na gramu 2.9 za sitrati ya sodi. Chembe zote zilizomo, zikihesabiwa, ni milimoli 245 katika lita. Damu ya mtu ina karibu milimoli 290 za chembe katika lita. Mmumunyo wa dawa basi ni chapwa kuliko damu, na umekusudiwa uwe hivyo: glukosi na sodi zikifyonzwa katika utumbo, maji huzifuata hadi ndani ya mwili. Mama akiimumunyisha pakiti hiyo hiyo katika nusu lita, chembe huwa milimoli 490 katika lita. Akitumia chupa ya soda ya mililita 300, huzidi 800. Mwelekeo hugeuka: maji hutoka katika damu yakaingia utumboni, na mtoto aliyekuwa akiharisha huharisha zaidi. Kabla ya mwaka 2002 mmumunyo uliopendekezwa ulikuwa wa milimoli 311. Wataalamu wenyewe, baada ya kuulinganisha na ulio chapwa zaidi, waliupunguza. Huu ni ushahidi ambao mwanaisimu angepaswa kuuweka mezani kila ajadilipo neno hili: katika dawa hii, kisichokolea kwa ulimi ndicho kinachoponya.

Tusiuache ukolezi bila kuugusa ukali. Wanafunzi wengi, na waandishi kadhaa, huyatumia maneno haya kama pacha: asidi kali kwao ni asidi yenye ukolezi mkubwa. Sivyo. Asidi ya hidrokloriki ni kali kwa tabia yake, kwa kuwa chembe zake hugawanyika karibu zote katika maji, hata ikizimuliwa mpaka ibaki tone katika ndoo. Asidi ya siki ni dhaifu kwa tabia yake, hata iwe nyingi kiasi gani. Kwa hiyo pana asidi kali iliyozimuliwa na asidi dhaifu yenye ukolezi mkubwa, na lugha yetu ina maneno ya kuyasema yote mawili bila kukopa. Twapenda sana kitenzi kuzimua. Wauza tembo walikijua kabla ya mwanakemia, na hakina doa la sifa wala la lawama. Chasema tu kwamba maji yameongezwa.

Tunakuja sasa kwenye osmosisi. Neno limekopwa, nasi hatugombi. Asili yake ya Kiyunani ina maana ya kusukuma, hali wavuvi na wapishi wetu husema kwamba chumvi huvuta maji. Upande wa pili wa ziwa, huko Mwanza, sangara hupasuliwa, hutiwa chumvi na kuanikwa, akaitwa kayabo na kuuzwa hadi Kongo. Aliyewahi kuiona kazi hiyo anajua jinsi maji yanavyomtoka samaki bila mtu kumkamua. Huyu asema husukumwa, yule asema huvutwa. Yote mawili ni mafumbo, na la wavuvi lina ubora mmoja: lataja bila kukosea maji yaendako.

Sifa hiyo mara nyingi haimo katika sentensi ya kitabuni. Sura ya kwanza mwanafunzi hufundishwa kwamba katika mtawanyiko chembe huenda kutoka penye ukolezi mkubwa hadi penye ukolezi mdogo. Sura inayofuata hufundishwa kwamba katika osmosisi maji huenda kutoka penye ukolezi mdogo hadi penye ukolezi mkubwa. Mwenye akili huinua mkono na kuuliza kwa nini kanuni imepinduliwa. Haikupinduliwa. Katika sentensi ya kwanza ukolezi ni wa kile kinachokwenda. Katika ya pili ukolezi ni wa chumvi, hali kinachokwenda ni maji. Kosa ni la sarufi kabla ya kuwa la kemia: jina limeachwa bila mwenyewe. Kiswahili, chenye kihusishi cha -a kilicho tayari kwa kila ngeli, hakina udhuru wa kosa hili. Ukolezi wa nini? Mwandishi akijilazimisha kulijibu swali hilo katika kila sentensi, nusu ya ugumu wa somo utaondoka.

Mfano wa karibu utasaidia. Maji ya Ziwa Victoria yana chumvi kidogo mno, haifiki hata robo ya gramu katika lita. Ngege aliyemo ana damu yenye chumvi nyingi kuliko maji yanayomzunguka. Basi maji humwingia mchana na usiku kupitia mashavuni, naye huyatoa kwa kukojoa mkojo mwingi ulio chapwa. Karibu na Kendu Bay, katika Kaunti ya Homa Bay, pana ziwa dogo la Simbi Nyaima, ambalo hadithi ya Wajaluo husema ni kijiji kilichozama baada ya kumnyima mwanamke mzee hifadhi. Maji yake ni ya chumvi na magadi. Kwa upande wa osmosisi peke yake, tukiyaacha madhara mengine ya magadi, samaki wa maji baridi akitumbukizwa mahali ambapo chumvi ya nje imezidi ya damu yake, maji yatamtoka. Samaki ni yule yule na utando wa mashavu ni ule ule. Kilichobadilika ni upande upi wenye chumvi zaidi, na sentensi isiyoutaja upande huo haijasema kitu.

Kuhusu huo utando nina neno moja tu. Mtafsiri huvutwa kusema utando wa kupenyeza nusu. Nusu ya nini? Mwanafunzi hufikiri kwamba nusu ya maji hupita na nusu hubaki. Utando huo huchagua: hupitisha maji, huzuia chumvi. Kiswahili kinajua vizuri kitu cha namna hiyo, maana kila nyumba ina chujio, na utando uchujao ungetosha kabisa.

Lililobaki ni kanieneo, neno lililounganishwa kutoka kani na eneo. Kwa kiasi fulani ni istilahi bora kuliko zote tulizozitaja, kwa sababu ufafanuzi wake umo ndani yake: kani igawanywe kwa eneo. Shinikizo na mgandamizo hazina faida hiyo. Lakini likiunganishwa na osmosisi, ufasaha wake wenyewe hupotosha. Msomaji hudhani kwamba mmumunyo wa chumvi una kani iliyofichika ndani yake, inayousukuma ukuta wa chombo. Jaza ndoo maji ya chumvi uiweke ufukweni Sori, ndoo haitapasuka. Ukiacha uzito mdogo ulioongezeka, chumvi haiisukumi ndoo kwa lolote. Tunachokiita kanieneo ya osmosisi ni kanieneo ambayo ingebidi tuitie sisi juu ya mmumunyo, upande wa pili wa utando ukiwa na maji matupu, ili maji yasiingie. Ni kipimo cha kizuizi. Twapendekeza basi kanieneo ya kuzuia osmosisi, na mwenye kuona ni ndefu aikate akisha kuieleza, si kabla.

Jinsi ya kuikokotoa ilionyeshwa na van 't Hoff katika miaka ya 1880, naye akapata tuzo ya kwanza ya Nobel ya kemia mwaka 1901. Zidisha moli za chembe zilizomo katika lita kwa 0.0821, kisha kwa halijoto ya kelvini. Moli ni hesabu tu, kama korija ilivyo hesabu ya vitu 20, ila yenyewe ni kubwa mno. Chukua gramu 9 za chumvi katika lita. Gawanya kwa 58.5 upate moli 0.154. Kila kipande cha chumvi hugawanyika viwili majini, kwa hiyo moli za chembe ni 0.308. Kwa halijoto ya mwili, kelvini 310, jibu ni karibu mara 7.8 ya kanieneo ya hewa penye usawa wa bahari. Sasa chukua gramu 9 za sukari ya mezani. Gawanya kwa 342. Sukari haigawanyiki majini, kwa hiyo moli za chembe ni 0.026 tu, na jibu halifiki hata 0.7. Uzito ni ule ule, nguvu yatofautiana karibu mara 12. (Kanuni hii ni ya mimumunyo chapwa; kwa maji yaliyoshiba chumvi hukosea sana.)

Hesabu hii yatuonyesha mpaka wa mwisho wa neno la jikoni. Ulimi huonja aina ya kitu. Osmosisi huhesabu vichwa. Vijiko sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita moja ni mmumunyo wa nyumbani uliofundishwa kote duniani pale pakiti inapokosekana, nao una chembe chache kuliko damu. Ukiyabadilishana maneno mawili, vijiko sita vya chumvi na nusu ya sukari, umepata karibu gramu 36 za chumvi katika lita, na maji ya bahari yana karibu 35. Sentensi ni ile ile, idadi ni zile zile, na mtoto amenyweshwa bahari. Mwandishi wa maelekezo hayo hana budi kuyapanga maneno yake kana kwamba yatasomwa usiku na mtu aliyefadhaika, kwa maana hivyo ndivyo yatakavyosomwa.

Hata kijiko chenyewe kinahitaji istilahi. Vipimo vyote hivi ni vya kijiko cha chai kilichosawazishwa ukingoni, si cha kilima, na kijiko cha kilima huweza kuzidisha chumvi karibu maradufu. Maelekezo mengi husema kijiko, basi. Mengine husema kijiko kimoja kamili, ambacho mtu mkarimu hukielewa kuwa kilichojaa mpaka kumwagika. Wafanyabiashara wa nafaka wa zamani katika pwani ya Kiswahili walilitatua jambo hili kitambo. Walikuwa na kibaba cha tele, kilichorundikwa juu, na kibaba cha mfuto, kilichopitishwa kijiti ukingoni kikawa sawasawa. Neno mfuto lipo katika kamusi za zamani, na sharti ya kijiko cha mfuto ingeandikwa katika pakiti kwa maneno matatu tu.